Beseni Lisitangulie Dawa

Mzazi anayempeleka mtoto wodini kwa ajili ya kemo, yaani tiba ya dawa za saratani, hujifunza mapema vitu vya kufungasha: kanga mbili, chupa ya uji, daftari la kliniki na beseni. Beseni hilo la plastiki husukumwa chini ya kitanda kabla dripu haijatundikwa, na mara nyingi ndilo maandalizi pekee yanayofanywa kwa ajili ya kutapika ambako kila mtu wodini, kuanzia mama wa mtoto hadi mhudumu wa usafi, anajua kunakuja. La dada yangu lilikuwa la bluu. Mwanawe alikuwa na miaka mitano na uvimbe wa figo, ule unaoitwa Wilms, na katika mzunguko wa kwanza alitapika mara kumi na moja kati ya adhuhuri na alfajiri. Dawa ya kuzuia aliyoandikiwa ilikuwa na maelekezo kwamba apewe "akitapika". Alipewa baada ya mara ya tatu, ikiwa ni kidonge, naye akakitapika.

Neno hilo moja, "akitapika", limebeba kosa zima ninalotaka kulijadili hapa. Dawa za kuzuia kutapika kwa mtoto anayepata kemo zilitengenezwa ili asianze, na anayezitoa baada ya mtoto kuanza anazitumia zikiwa zimechelewa, kisha anahitimisha kwamba hazifai, na hitimisho hilo hupokezanwa kutoka zamu moja ya wauguzi hadi nyingine mpaka likawa desturi ya wodi. Naamini kwamba sehemu kubwa ya mateso haya ingeweza kuondolewa kwa dawa ambazo tayari tunazo, kama zingetolewa kwa saa yake, kuanzia mzunguko wa kwanza kabisa, na kama zingemfuata mtoto hadi nyumbani.

Ndani ya utando wa utumbo kuna seli zilizohifadhi kemikali iitwayo serotonini. Dawa za saratani zinapoziumiza seli hizo, serotonini humwagika na kugusa vipokezi vilivyo kwenye ncha za neva ya vagasi, nayo neva hiyo hupeleka taarifa hadi kwenye shina la ubongo, ambako amri ya kutapika hutolewa. Ondansetroni hukalia vipokezi hivyo. Ikitangulia, serotonini inafika na kukuta siti zimejaa, kama abiria aliyechelewa daladala ya asubuhi. Ikichelewa, taarifa imeshafika ubongoni na tumbo limeshaanza kubana. Ndiyo maana dawa hiyo hutakiwa kutolewa takriban nusu saa kabla ya dripu ya kemo kuanza, na kurudiwa kwa saa zilizopangwa, awe mtoto anatapika au anacheza na mwenzake wa kitanda cha pili. Serotonini hutawala zaidi saa 24 za mwanzo. Baada ya hapo, hasa kwa dawa kali, kazi huchukuliwa kwa sehemu kubwa na kemikali nyingine iitwayo dutu P, ambayo ina vipokezi vyake yenyewe, na ondansetroni haivigusi. Awamu hiyo ya pili inaweza kuendelea hadi siku ya tano.

Kemo hazitapishi kwa kiwango kimoja, na hapa ndipo wodi inapohitaji jedwali badala ya mazoea. Wataalamu huzipanga dawa katika makundi manne: kali, ambazo bila kinga wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100 wangetapika, za wastani, kati ya 30 na 90, hafifu, kati ya 10 na 30, na hafifu kabisa, chini ya 10. Sisplatini iko kundi la kwanza na vinkristini iko la mwisho, na juu ya hizo mbili hakuna ubishi. Lakini mtoto hapaswi kusomewa jedwali la mtu mzima. Karboplatini, inayotumika sana kutibu retinoblastoma, ile saratani ya jicho ambayo wazazi huitambua kwa weupe ndani ya mboni, kwa muda mrefu imehesabiwa kwa watu wazima kuwa ya wastani, ilhali miongozo ya watoto, ikiwemo ile ya kikundi cha wataalamu wa saratani za watoto cha Ontario nchini Kanada, inaiweka kwenye kundi kali. Wodi iliyobandika ukutani jedwali la watu wazima humpa mtoto wa retinoblastoma kinga pungufu tangu siku ya kwanza, na hakuna anayegundua, kwa sababu kila aliyefuata jedwali anajiona amefuata utaratibu. Siklofosfamaidi nayo hutegemea dozi: katika dozi kubwa zinazotumika dhidi ya limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala na ambao bado ni miongoni mwa saratani kuu za watoto katika maeneo yetu yenye malaria nyingi, mtoto anahitaji kinga kamili, katika dozi ndogo anahitaji pungufu ya hiyo.

Jedwali hilo linafaa pia kwa kumwondolea mtoto dawa asiyoihitaji. Mpwa wangu alipofika kwenye wiki za vinkristini peke yake, aliendelea kupewa ondansetroni vilevile, kwa mazoea. Vinkristini huathiri neva za utumbo na kufungisha choo. Ondansetroni nayo hufungisha choo. Siku ya nne bila kwenda haja, tumbo likiwa gumu kama ngoma, dada yangu alimbeba akarudi naye hospitali akiwa na hakika kwamba uvimbe umerudi. Haukuwa uvimbe.

Ipo imani inayosikika mabarazani na kwenye mabenchi ya kliniki kwamba mtoto akitapika sana ndiyo dalili kuwa dawa imeingia. Nimeisikia hata kwa watu wenye vyeti. Vinkristini hiyo hiyo inatosha kuivunja: ni nguzo ya matibabu ya leukemia (saratani ya damu), ya Burkitt na ya Wilms, na haitapishi karibu mtu yeyote. Kutapika kunapima jinsi utumbo na ubongo vilivyoguswa, na hakusemi lolote kuhusu uvimbe.

Kwa kemo za kundi kali, kinga inayopendekezwa kwa watoto ni dawa tatu kwa pamoja: ondansetroni au ndugu yake mmojawapo, deksamethasoni, na aprepitanti, ambayo hufunga vipokezi vya dutu P. Zote tatu zimo katika orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Hataza ya ondansetroni ilikwisha Marekani mwaka 2006, na tangu hapo viwanda vingi huitengeneza. Deksamethasoni imekuwa kwenye kabati za hospitali zetu kwa miongo mingi, kwa magonjwa kadha wa kadha. Hospitali ya rufaa inayotoa sisplatini lakini imeishiwa ondansetroni ina tatizo la kuagiza zaidi kuliko tatizo la bei. Deksamethasoni ina masharti yake, kwa kuwa ni steroidi: mtoto wa leukemia huenda tayari anapewa steroidi kama sehemu ya tiba, na baadhi ya madaktari huiepuka kwa uvimbe wa ubongo wakihofia kwamba hupunguza dawa za saratani zinazopenya kuingia ubongoni. Kwa watoto wa namna hiyo, daktari hupanga kinga isiyo na steroidi, na aprepitanti huwa na umuhimu mkubwa zaidi.

Kuhusu aprepitanti, ushahidi wa watoto upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha watoto takriban 300 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 17 katika nchi zaidi ya 20, ulionyesha kwamba kuanzia saa ya 25 hadi ya 120 baada ya kemo, asilimia 51 ya waliopewa dawa hiyo hawakutapika wala kuhitaji dawa ya dharura, dhidi ya asilimia 26 ya wale waliopata kinga isiyo na aprepitanti. Ni karibu mara mbili. Nayasoma matokeo hayo kwa furaha na kwa uchungu pamoja, kwa sababu yanaeleza pia kwamba hata kinga bora ya wakati huo iliacha nusu ya watoto na taabu fulani katika siku zilizofuata kemo. Kwetu kizuizi cha kwanza ni umbo la dawa yenyewe: vidonge vyake vya kawaida ni vya miligramu 80 na 125, vya kumezwa na mtu mzima, na unga wa kuchanganya na maji uliokusudiwa watoto si jambo la kutegemea kukuta kwenye duka la dawa la mkoani. Kisha kuna jambo ambalo mfamasia hulijua na daktari aliyechoka hulisahau, kwamba aprepitanti hupunguza kasi ya mwili kuvunja deksamethasoni, hivyo zikitolewa pamoja dozi ya deksamethasoni hupunguzwa kwa nusu.

Ninachokiona kuwa na matumaini zaidi kwa nchi zetu ni olanzapini, dawa ya zamani ya maradhi ya akili, ya bei nafuu, ambayo ilithibitika mwaka 2016 kuwa inaongeza kinga kwa watu wazima wanaopata kemo kali. Miongozo ya watoto sasa inaitaja, kwa mtoto anayetapika licha ya kinga na kwa yule asiyeweza kupewa mojawapo ya zile tatu. Kasoro yake kubwa ni usingizi. Mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai walionyesha, kwa watu wazima, kwamba miligramu 2.5 zilikinga vizuri sawa na 10 na usingizi wa mchana ukapungua, na hilo ni swali linalostahili kuulizwa kwa watoto, tena kuulizwa huku kwetu. Mzazi atakayesoma kwenye karatasi ya dawa kwamba mwanawe anapewa dawa ya wagonjwa wa akili atashtuka, na ana haki ya kuelezwa kabla hajashtuka.

Kinachotolewa badala ya yote hayo, mara nyingi mno, ni Plasil, yaani metoklopramidi. Sina ugomvi nayo ikiwa mahali pake, lakini mwaka 2013 wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya ulizuia isitolewe kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa wakubwa zaidi ukaibakiza kama chaguo la pili, kwa siku zisizozidi tano. Sababu ni kwamba watoto hupata madhara yake ya neva kwa urahisi kuliko watu wazima: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka, mtoto akiwa na fahamu zake zote na hofu tele. Nyumbani hali hiyo hufananishwa na degedege au na jambo la kupandishwa, na familia huanza safari ya kutafuta tiba ya kitu ambacho sindano moja ya dawa pinzani ingekitatua.

Nirudi kwenye hesabu, kwani wodini makosa mengi hutokea hapo. Ondansetroni kwa mtoto hupimwa kwa uzito au kwa eneo la mwili. Kwa kipimo kinachotumika sana cha miligramu 0.15 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 2.25 kwa mara moja. Kidonge kilichopo ni cha miligramu 4 au 8. Nimemwona muuguzi akikata kidonge kwa wembe juu ya kifuniko cha kopo, vipande viwili visivyolingana na vumbi jeupe lililobaki kwenye kifuniko, kisha akauliza, "Mama, nimpe kipi, kikubwa au kidogo?" Dada yangu akajibu, "Sista, wewe ndiye unayejua." Syrupu ya dawa hiyo ipo duniani, yenye miligramu 4 katika kila mililita 5, na sindano isiyo na ncha ya kupimia ingemaliza mjadala huo kwa sekunde kumi.

Halafu kuna basi. Mtoto wa Burkitt au wa Wilms akimaliza dripu, kitanda kinahitajika, na wengi huruhusiwa kesho yake. Saa 24 za kwanza, zile zinazoonekana, zimepita chini ya macho ya wauguzi. Siku ya pili, ya tatu na ya nne, ambazo kwa dawa kali huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza, hupita ndani ya basi la saa kumi na mbili, au kwenye chumba cha shangazi aliyemhifadhi mgonjwa mjini. Mzazi huondoka na tarehe ya kurudi na onyo la homa, na onyo hilo ni la lazima. Dawa ya kutapika huondoka nayo mara chache, na ikiondoka huwa imeandikwa tena kwa neno lile lile. Kama ningeruhusiwa kubadili jambo moja tu katika utaratibu wote, lingekuwa hili: mtoto wa kemo kali asivuke geti bila bahasha yenye dozi zake za siku zinazofuata, kila moja ikiwa na saa yake. Mzazi pia aambiwe kwamba mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, apige simu kabla ya kurudia, na kwamba akishindwa hata maji au mkojo ukipungua, asisubiri tarehe ya kliniki.

Sababu ya kuushikilia mzunguko wa kwanza kwa nguvu namna hii ni kumbukumbu. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, ni nyekundu, nyekundu ya kung'aa, na kufikia mzunguko wa tatu mpwa wangu alianza kutapika alipouona mfuko wake ukiletwa, kabla ya tone moja kuingia. Katika wa nne alianza getini. Miezi baadaye, kwenye shughuli ya jirani, aliletewa glasi ya juisi ya rozela akaanza kuvuta pumzi kwa shida na kunong'ona, "Mjomba, iondoe." Huu ni mwili uliofundishwa, na mwalimu wake alikuwa usiku ule wa kwanza wa mara kumi na moja. Ondansetroni haina la kufanya hapo, kwa kuwa utumbo haujaguswa. Daktari hubaki na lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ya usiku wa kuamkia kemo, na mbinu za kisaikolojia kama vile kumwongoza mtoto katika kuwaza na kujituliza, ambazo zinahitaji mtu mwenye muda, na wodi zetu hazina mtu wa namna hiyo kwa wingi. Kinga inayoaminika zaidi ya kutapika kwa kumbukumbu ni kutokuwa na kumbukumbu hiyo.

Chakula nacho huingia katika somo hilo. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ilene Bernstein wa Seattle, Marekani, alieleza jinsi watoto waliopewa aiskrimu ya ladha wasiyoizoea kabla ya kemo walivyoikataa baadaye, zaidi kuliko wenzao ambao hawakupata vyote viwili kwa pamoja, ingawa kosa la aiskrimu lilikuwa kuwepo tu. Miaka tisa baadaye alichapisha jaribio la kuwapa watoto pipi ya ladha ya ajabu baada ya mlo na kabla ya dripu, na pipi ikabeba lawama kama mbuzi wa kafara, chakula halisi kikapona. Nikifikiria hilo nawakumbuka akina mama wanaoamka alfajiri kukaanga chipsi mayai au kupika pilau, chakula ambacho mtoto anakipenda kuliko vyote, ili siku ya kemo iwe na kitu cha kufurahia. Mapenzi hayo huharibu pilau. Ni afadhali siku hiyo mtoto apewe mlo mwepesi, wa kawaida, na pilau ingoje wiki njema.

Kuna pia lugha. Daktari akiuliza "ametapika mara ngapi?" atapata namba, na namba ikiwa ndogo atafurahi. Kichefuchefu hakina namba. Mtoto wa miaka mitano hajui neno kichefuchefu. Husema tumbo linauma, au hukataa katuni, au hugeukia ukutani. Wakubwa kidogo husema "moyo unanichafuka", na asiyelelewa kwa Kiswahili cha mitaani anaweza kuandika kwamba mtoto analalamikia moyo. Vipo vipimo vya picha za nyuso, kuanzia uso mtulivu hadi uso wa mtu anayekaribia kutapika, vilivyojaribiwa kwa watoto, ambavyo mtoto hunyooshea kidole bila kuhitaji neno lolote. Vinaweza kuchapwa kwenye karatasi moja. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwonyesha mtoto karatasi hiyo asubuhi na jioni, na daktari wa kubadili dawa kwa sababu ya kidole cha mtoto.

Watu huniuliza kuhusu tangawizi. Utafiti mdogo wa Delhi wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba unga wake, ukiongezwa juu ya ondansetroni na deksamethasoni, uliwapa nafuu ya kuonekana vijana wenye saratani ya mfupa, lakini hauendi mbali kiasi cha kuchukua nafasi ya dawa, na daktari aambiwe kila kinachonyweshwa. Bangili za kubana kifundo cha mkono zilijaribiwa kwa watoto wa Amerika Kaskazini na hazikuonyesha faida zaidi ya bangili za uongo.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa saratani za watoto wenye lengo la angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani kupona ifikapo mwaka 2030, na kila anayefanya kazi katika wodi hizi anajua kwamba watoto wetu wengi hupotea kwa kuacha matibabu katikati. Nauli, mifugo iliyouzwa, ndugu waliobaki bila mlezi, na baba anayeuliza mbona mtoto alikwenda akitembea na amerudi akibebwa: hivyo ndivyo vinavyotajwa, na ni vya kweli. Lakini swali la baba lina kutapika ndani yake. Anayeamua kama basi la mzunguko wa tatu litapandwa ni mtu aliyeushuhudia mzunguko wa kwanza kwa macho yake, na ushahidi alionao hatujaandika sisi.

Chati iliyoning'inia miguuni mwa kitanda cha mpwa wangu ilikuwa na safu ya joto, ya mapigo ya moyo, ya pumzi, ya maji yaliyoingia na ya mkojo uliotoka. Katika mzunguko wa tano, muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mtu mzima mwenye miwani aliyekuwa akimwita "babu yangu", alichukua rula akachora safu ya sita kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "kichefuchefu", na chini yake saa: saa tatu, saa tisa, saa tatu. Alipomaliza zamu, aliyempokea aliiangalia, akauliza ni ya nini, akaelezwa, akaijaza.